Chumba cha Katikati

Nyevu, dada yangu, kunjua hiyo ramani,
iweke mezani, tuondoe vikombe.
Wanao wamechanga wakalipa, Mungu awazidishie,
lakini yule kijana wa ofisi ya Barabara ya Moi,
mwenye tai ya rangi ya bizari,
hajalala melini hata usiku mmoja.
Yeye auza picha.
Mimi nimetandika vitanda vya meli miaka kumi na tisa.

Utatamani huku juu, najua.
Ghorofa ya tisa, kibaraza chako mwenyewe,
kahawa, miguu juu ya kiti.
Lakini si wewe uliyetapika kwenye kivuko cha Likoni,
maji yametulia kama uji uliopoa,
ukaniharibia shati la Krismasi?
Juu ni fahari, na fahari huyumba.

Wakumbuka ile pembea ya ubao, shuleni Changamwe?
Wa huku akipanda, wa kule ashuka, mayowe,
na wewe hukutaka huku wala kule.
Ulisimama katikati, juu ya gogo,
miguu umeiachanisha, watafuna kungu,
wala hukutikisika.
Basi meli ni ubao ule.
Tafuta katikati, kisha ushuke chini kidogo,
karibu na pale maji yanapougusa ubavu.

Nipe kalamu.
Hapa usilale: juu yako ni ukumbi wa dansi,
vikongwe wa Kijerumani hucheza mpaka saa nane,
na kila kisigino utakihesabu.
Hapa pia sipo, ni mlango wa lifti,
ting, ting, na walevi wanaosahau namba zao.
Hapa mbele hupita mnyororo wa nanga;
alfajiri mkiingia bandarini utadhani
mbingu imeanguka na sufuria zake zote.
Hapa ni jikoni. Nyama ya kukaanga, saa kumi za usiku!
Tumbo lako si la kuambiwa hayo.
Na hizi sehemu nyeupe, zisizoandikwa kitu,
ziogope. Meli haina nafasi tupu.
Penye weupe pana mashine,
au pana sisi.

Chukua hiki. Mia nne na kumi na mbili. Nimekizungushia.
Vyumba juu yake, vyumba chini yake,
watu wamelala pande zote kama tende kandani.
Dirisha ni duara, dogo, halifunguki,
utaiona bahari kiasi cha sahani.
Inatosha.
Tangawizi nitakufungia mimi.

Wauliza mimi nililala wapi.
Ah. Chini, nyuma,
ng'ambo ya mlango usiokuwa kwenye ramani hii.
Watu wanne, vitanda vinne, soksi nane zikining'inia,
na injini ikinguruma chini ya mto wangu.
Miezi mitatu ya kwanza nililia.
Kisha sikulia.

Sasa niko Mikindani, nyumba ya mawe, godoro la inchi nane.
Tabu mke wangu alichagua chumba cha nyuma,
mbali na barabara, mbali na mfereji, mbali na jirani mwenye redio,
akasema, baba watoto, hapa utapumzika.
Nami silali.
Saa tisa huamka nikanyata, nikabeba mkeka,
nikajilaza jikoni, mgongo kwenye friji,
nikangoja.
Ikianza kutetemeka, usingizi waja.
Tabu hajui. Usimwambie.

Haya, kesho asubuhi nenda kwa yule mwenye tai.
Mwambie mia nne na kumi na mbili.
Akisema kimeshachukuliwa,
chukua kinachofuata, lakini kuelekea nyuma.
Si mbele, Nyevu.
Mbele kuna nanga.